Mechi Moja ya Papa Symphorien

Tarehe 2 Julai, Papa Symphorien Byamungu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha katika shule yetu ya msingi hapa Nyamitaba. Mkurugenzi amenipa mimi, Adelaïde, mwalimu wa darasa la pili, kazi ya kuandika wasifu wake kwa jarida la shule, na ameniomba niwe mfupi na mwenye heshima. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Alikuja kwetu kijana mwembamba, akapewa darasa la kwanza, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Ndiye aliyeotesha mikaratusi inayotukinga na upepo. Aliongoza pia kwaya, hadi kwaya yenyewe ilipomwomba apumzike. Lakini tuseme ukweli, hakuna anayemjua kwa hayo. Kuanzia hapa hadi Kibabi anajulikana kama mwanzilishi wa klabu ya kriketi ya watoto wadogo, klabu ambayo tangu izaliwe haijawahi kushinda wala kushindwa.

Kriketi aliikuta kwa majirani. Wanajeshi wa kigeni walikuwa na kambi kilimani upande wa Kitchanga, naye alitumwa kwenda kuwaazima mahema ya sherehe ya shule. Akawakuta wanacheza. Akakaa kwenye nyasi awasubiri wamalize. Wakacheza asubuhi, wakaacha wakanywa chai, wakacheza tena, jua likazama, wakakusanya vitu vyao bila mtu hata mmoja kushangilia. Kesho yake akarudi, akawakuta wanaendelea pale pale walipoachia. Keshokutwa hivyo hivyo. Mahema alisahau kuyaomba. Aliingia katika chumba cha walimu na uso wa mtu aliyeona maono, akatutangazia: "Nimeona muchezo yenye haiishaka."

Mchezo usioisha: hiyo ndiyo kriketi aliyoielewa, na hiyo ndiyo aliyoifundisha. Miaka ya baadaye vijana wenye simu walimwonyesha video ya mechi iliyokwisha na watu wakapewa kombe. Aliitazama hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akasema wale walikuwa na haraka.

Wanajeshi walipohama walimwachia kibao cha kupigia, vijiti vitatu vya kusimamisha nyuma ya mpigaji na mpira mgumu. Kilichokosekana ni uwanja. Milima yetu haina mahali pa kuweka hata bakuli bila kuinama, isipokuwa malisho ya Papa Twizeyimana, mfugaji aliyetoka Burungu na mzee wa kanisa letu. Papa Symphorien alimwomba malisho hayo kwa mechi moja. Papa Twizeyimana ana roho nzuri. Jumapili alisimama mbele ya waumini wote akasema watoto wacheze kwake hadi mechi iishe. Alidhani anazungumzia mchana mmoja. Watoto waliocheza siku hiyo sasa wana ndevu, na mechi bado ni ile ile.

Mzee wa kanisa akishatoa neno mbele ya waumini, halirudishi. Ndiyo maana habari za kustaafu zilipotoka tulishikwa na hofu wote, na Papa Symphorien kuliko wote. Mwenye mechi akiondoka, je, mechi imeisha? Ikiisha, ng'ombe wanarudi katikati ya malisho, na watoto wa darasa la kwanza wanabaki na kibao bila mahali pa kusimama. Kwa wiki kadhaa Papa Symphorien hakulala vizuri, na mimi nilimwona akitembea kwenye nyasi zile peke yake kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kabla sijafika huko, niseme jinsi alivyofundisha. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mtoto wa hapa akipewa kitu cha kupigia anajua kazi yake moja tu, kupura maharagwe, hivyo kila mpira ulipofika ulipurwa. Ulipigwa kwa chini, mara nyingi, kwa bidii, na watoto wengine walikuja kusaidia. Msimu mzima wa kwanza Papa Symphorien aliumaliza akipiga kelele, "Acha kutwanga! Haina maganda!" Waliowekwa mbali kuudaka mpira nao walikuwa wachungaji waliozoea, kwa hiyo walisimama imara siku nzima, wakiwa wameupa mchezo mgongo na macho yao kwa ng'ombe.

Kisha akasikia kwamba anayetupa mpira hatakiwi kukunja kiwiko. Akakata mabua ya mtama, akamfunga kila mtoto bua mkononi. Jioni wakarudi nyumbani mkono mmoja umenyooka kama bango la barabarani, na kwa kuwa walikuwa wamezoea, hata mabua yalipofunguliwa mkono ulibaki hivyo hivyo. Kesho yake akina mama walijipanga kwenye kituo cha afya. Muuguzi wetu Émile, mtu makini, alipima joto, akachunguza macho, akatenga watoto katika chumba kimoja na kuanza kuuliza kama kijiji kizima kimekunywa maji ya mto ule ule. Papa Symphorien alipofika kueleza, alipokelewa vibaya. Mama mmoja alimkimbiza hadi kwenye daraja.

Chai nayo aliiona ni sheria. Katikati ya kila kipindi mchezo unasimama, watoto wanakaa, wananywa chai ya maziwa. Baadhi ya wazazi wanaamini hadi leo kwamba klabu ni ya chai na ule mpira ni wa kuwachangamsha kabla ya kunywa. Inspekta alikuja mwaka mmoja, akawakuta wamekaa na vikombe, akauliza nani anaongoza kwa alama. Papa Symphorien alimtazama kwa huruma ya kweli. "Patron, hiyo njo ulizo ya football," akamwambia, akampa kikombe.

Ng'ombe walisukumwa pembeni, ila mmoja aitwaye Gaju hakutambua mpaka. Siku moja aliulalia mpira. Sheria ya Papa Symphorien ni kwamba ng'ombe aliyelala haamshwi, kwa hiyo mpigaji na mwenzake waliendelea kukimbia kwenda na kurudi wakihesabu alama, hadi chai, na baada ya chai. Gaju aliposimama hatimaye, wale watoto wawili walibebwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kupata alama nyingi kama hizo tena, na sifa zote alipewa Gaju.

Kuna miaka ambayo hatucheki tukiisimulia. Tulikimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena. Papa Symphorien alibeba godoro, mkewe alibeba sufuria, na juu ya godoro vilifungwa vile vijiti vitatu. Kila mtu aliyemcheka njiani alijibiwa kwamba mechi imesimama tu, haijaisha. Tuliporudi, kabla ya kuuliza kama nyumba yake ina paa, aliuliza nani alikuwa anapiga mechi iliposimama. Alikuwa Naomie, na familia ya Naomie ilikuwa imefika kwa wajomba huko Walikale na kubaki. Mtu mwingine angemwita mtoto mwingine. Yeye alipanda pikipiki, akaenda hadi Walikale, akamkuta Naomie katikati ya mihogo, akamtupia mpira. Naomie aliupiga ukapotelea msituni. Wajomba zake ni wawindaji, wakaingia na mbwa kuutafuta, wakatoka na mpira na nungunungu. Papa Symphorien alikula nungunungu, akahesabu alama, akarudi. Naomie alilia alipomwona anaondoka. Papa Symphorien aliponisimulia hayo, mimi nilijifanya natafuta chaki.

Sasa turudi kwenye hofu yetu. Papa Twizeyimana alikuja shuleni mwenyewe, kofia mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema ng'ombe wake wameongezeka, nyasi hazitoshi, na kwa kuwa mwalimu anapumzika, mechi nayo ipumzike. "Mimi nilitoa malisho juu ya mechi moja tu," alisema. Mchungaji wa kanisa letu aliyasikiliza maneno ya pande zote mbili, akaamua hivi: Jumamosi ya mwisho ya Juni, mpigaji wa mwisho akitolewa, yaani vijiti vya nyuma yake vikiangushwa, na hakuna wa kumfuata, mechi imeisha na malisho yanarudi kwa mwenyewe.

Wote tulisahau mavuno. Jumamosi hiyo kila mzazi alikuwa amempeleka mtoto wake kung'oa maharagwe. Kwenye uwanja alikuja mtoto mmoja tu, Cindy, mwenye miaka sita, aliyekuwa ameingia klabu baada ya Pasaka. Kibao kilimfika kifuani. Papa Twizeyimana, ili pasiwe na udanganyifu, alidai kutupa mpira yeye mwenyewe. Papa Symphorien alikaa kwenye jiwe, akafunika uso kwa mikono.

Mpira wa kwanza ulimpita mchungaji sikioni. Wa pili ulirudi nyuma, sijui kwa njia gani. Wa tatu ulienda kwa ng'ombe. Mzee alikuwa anatoka jasho na koti lake la ibada, na sisi tulikuwa tunaona aibu kwa niaba yake. Hapo Cindy, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba akitolewa yote yamekwisha, aliweka kibao chini, akamwendea, akamshika mkono. "Papa, usikunje. Pandisha juu, achia. Ni rahisi." Akamwonyesha mara kadhaa kwa subira, kama yeye alivyoonyeshwa. Kisha akarudi mahali pake na kusimama.

Papa Twizeyimana alipandisha mkono ukiwa umenyooka, akaachia, na vijiti vitatu vikaanguka.

Nililia, siwezi kuficha. Papa Symphorien aliinuka kwenye jiwe ili ampe mwenzake mkono na kumshukuru kwa miaka yote ile. Lakini Cindy alikuwa ameshatangulia. Kwenye klabu yetu anayeangusha vijiti ndiye anayepiga baada ya hapo, watoto wanajua hivyo kabla ya kujua kusoma, na Cindy alikuwa amesimama mbele ya mzee wa kanisa, amemnyooshea kibao kwa mikono miwili.

Papa Twizeyimana alitazama ng'ombe wake. Akamtazama mchungaji, ambaye ghafla alikuwa na la kuangalia mawinguni. Akavua koti, akampa mtoto alishike, akachukua kibao.

"Tupa basi," akamwambia Papa Symphorien.

Papa Symphorien, tunakushukuru kwa watoto wote uliowafundisha kusimama wima na kusubiri mpira. Mungu akupe afya, mavuno mazuri na usingizi wa kutosha uliokosa mwaka huu. Asubuhi pumzika kadiri upendavyo. Ila siku za posho, yaani Jumamosi, uje malishoni, kwa sababu Papa Twizeyimana bado anapiga, na hapa kwetu hakuna aliye na haraka ya kumtoa.