Yiamat Kisioki Lukumay, Aliyeingia Uwanjani wa Kwanza

Baba Mchungaji, wazee wetu wa Olkokola, mashemeji zetu mliotoka Kibosho, majirani wa Elerai, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kulia pamoja nasi, poleni na msiba, na mtuvumilie kidogo, kwa maana maisha ya ndugu yetu yana kipande kimoja ambacho hata yeye mwenyewe hakukielewa mpaka anafumba macho.

Marehemu Yiamat Kisioki Lukumay alizaliwa tarehe 12 Machi 1976 hapa hapa Olkokola, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kisioki na Mama Nashipae, akabatizwa mwaka uliofuata katika usharika wetu huu, na kuanzia mwaka 1985 hadi 1991 alisoma shule ya msingi ya kijiji, ingawa walimu wake walimjua mgongo kuliko uso, kwani kengele ya mwisho ikilia alikuwa tayari ameteremka korongoni kuwahi ng'ombe wa baba yake.

Mwaka 1995 alipata kazi ya kukata maua katika shamba moja kule Usa River, na huko ndiko Mwalimu Elihuruma Nnko, kocha wa riadha ambaye leo tunaye hapa, alipomkuta asubuhi moja akipita mbio kandokando ya barabara na mabuti yake ya mpira miguuni, akamsimamisha na kumuuliza, "Kijana, unamkimbia nani?" naye akajibu, "Shikamoo mwalimu, simkimbii mtu, nimechelewa kazini tu." Tangu siku hiyo Mwalimu hakumwachia, akamnunulia viatu, akamfundisha kupumua na kuhesabu nguvu zake, na baada ya miaka michache jina la Yiamat likawa linasomwa mbele katika kila mbio za mkoa.

Tarehe 20 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Agnela Aristides wa Kibosho, aliyekuwa akiuza mboga na ndizi katika soko la Kwa Mrombo, wakajenga nyumba yao Elerai, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ezra aliyezaliwa mwaka 2002 na Evaresta aliyezaliwa mwaka 2006.

Sasa tunafika mahali penyewe. Mwezi Mei mwaka 2005 marehemu aliteuliwa kuiwakilisha nchi katika mbio za marathoni kwenye michezo mikubwa ya kimataifa, katika jiji moja la Ulaya, na alivyotusimulia baadaye ni kwamba siku ya mbio ilinyesha mvua nyembamba ya baridi, kwamba alikimbia na kundi la mbele hadi miguu ikaanza kugoma, akaachwa, akajikuta yuko peke yake kwenye mtaa wenye majengo yanayofanana, mbele yake haoni mgongo wa mtu, nyuma yake hasikii kiatu, na kwenye mzunguko wa barabara akamwona mtu mwenye koti la njano akimpungia mkono, kiganja kimeelekea chini, vidole vikichezacheza, kama vile mama anavyomwita mtoto aje ale. Yiamat akafuata mkono ule. Akapita mtaa ambao haukuwa na watazamaji, akashangaa, akaona bendera, akasikia kelele, na mara lango la uwanja likawa mbele yake, akaingia, na watu maelfu wakasimama wakampigia makofi.

Alituambia kwamba furaha haikumjia. Aligeuka nyuma mara mbili akimtafuta wa kumfuata, akajiuliza wale walionitangulia wameingia lini na wamekwenda wapi, akaendelea kukimbia kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame, na alipovuka mstari mtu mmoja akamshika bega na kumsemesha kwa lugha asiyoijua, makofi yakakatika, na Mwalimu Elihuruma akaja mbio akiwa amepauka midomo.

"Yiamat, umepita wapi?"

"Nimepita nilipoonyeshwa, mwalimu."

"Na nani?"

Alipotaka kuonyesha ni nani, aliona kila pembe ya uwanja ina watu wenye makoti ya njano. Waamuzi wakakaa, wakasema njia aliyopita ni fupi, wakamwondoa katika mashindano, na yule mtu wa kwenye mzunguko wa barabara hakupatikana.

Huku nyumbani tulikuwa hatujui lolote kati ya hayo. Redio ilikwisha kutangaza kwamba Mtanzania ameingia uwanjani wa kwanza, Mzee Kisioki akachinja dume lake jeusi, akina mama wakaimba hadi sauti zikawakauka, na masahihisho yalipotangazwa nyama ilikuwa imekwisha kuliwa. Mpaka marehemu anashuka kwenye ndege, mji ulikuwa umeshampa jina, na kuna wakati watoto wa Elerai hawakumjua kwa jina jingine ila Mkato. Kule sokoni mteja mmoja alimwambia Agnela, "Nipimie vizuri, mama Mkato, msizoee kufupisha," naye Agnela akazirudisha nyanya zake kwenye fungu na kumuuliza, "Ulikuwepo wewe?"

Mzee Kisioki alimwita mwanawe mbele ya Mwalimu Elihuruma, na kwa heshima ya mgeni aliacha Kimaasai akazungumza Kiswahili.

"Yiamat, ulijua kama unafupisha?"

"Baba, sikujua."

"Basi," akasema mzee, akainuka, akaenda kwa mifugo yake.

Neno hilo moja lilimsumbua marehemu kuliko hukumu ya waamuzi, kwa maana hakujua kama baba yake alikuwa anasema basi, nimekuamini, au alikuwa anasema basi, nisisikie zaidi, na Mzee Kisioki alipofariki mwaka 2009 hakuwa ameligusa tena. Yiamat akaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe, akimwambia mke wake kwamba huenda macho yaliona mkono ukisema hivi, na miguu, kwa kuchoka, ikachagua kusikia vile, na kwamba mtu anaweza kuiba bila kujiambia. Viatu akavigawa, na tangu mwaka 2006 akawa mlinzi wa lango katika hoteli moja ya wageni huko Usa River.

Mwaka 2012, siku moja mchana, nyuki walivamia mti ulio karibu na lango lile, na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa barazani akamwona mlinzi amesimama chini ya mti huo, akampungia mkono kwa haraka, kiganja chini, vidole vikicheza. Yiamat akadhani anaitwa, akapita katikati ya nyuki kumfuata, mama yule akazidi kupunga na kupiga kelele, na Yiamat naye akazidi kukimbilia kwake, hadi Hans wa mapokezi akamvuta ndani na kumwambia, "Kaka, huyu alikuwa anakufukuza, wewe unamfuata!"

Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga, lakini hakuomba dawa. Alimuuliza Hans, "Hivi kwao mkono huu ni nenda?" na Hans akasema kwa wengine ni hivyo. Alipofika nyumbani Agnela alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo yule wa Ulaya alikuwa anakwambia pita kule!"

"Sijui, mama Ezra. Labda alinifukuza. Labda aliniita kweli, naye alikosea. Labda alikuwa na baridi, anakung'uta vidole."

Hata hivyo, tangu wiki ile alianza tena kukimbia alfajiri, na mwezi Julai 2017, akiwa na miaka arobaini na mmoja, alijiandikisha katika marathoni iliyofanyika hapa jijini Arusha. Mwalimu Elihuruma ni shahidi kwamba marehemu angeweza kumaliza katika kundi zuri, lakini kwenye kila njia panda alisimama kabisa, akauliza, "Njia ni hii?" akangoja jibu la mdomo, si la mkono, na vijana wakampita wakicheka. Alifika wakati viti vinakusanywa, hakupokea hata maji, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi.

"Nimepita sawa?" akamuuliza mwamuzi mmoja, Bi. Elisaria.

"Umepita sawa, baba. Namba yako imeonekana kote. Mbona unauliza?"

"Rudia tena, tafadhali."

Akarudia. Yiamat akaketi kwenye majani akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mbele za watu, na Agnela alipomkuta na kumuuliza analia nini, alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Sijui."

Mwezi Septemba 2024 chakula kilianza kumkwama, akapimwa na kukutwa na saratani ya umio, akatibiwa Arusha na baadaye Moshi, akavumilia bila kumlaumu mtu, na siku ya Alhamisi tarehe 15 Januari 2026 Bwana akamtwaa, akiwa ameshikwa mikono na Ezra na Evaresta.

Tulipokaa kuiandaa historia hii, baadhi yetu tulishauri iandikwe tu kwamba aliiwakilisha nchi, tuvuke salama. Mjane wake alitusikiliza, akajifunga kitenge chake vizuri, akasema, "Someni yote. Mume wangu msimfupishie." Ndiyo maana tumesoma yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa Usa River, akina mama wa soko la Kwa Mrombo waliolala nasi siku zote hizi, majirani wa Elerai, sharika zote mbili, huu wa Olkokola na ule wa Elerai, zilizotuombea, na Mwalimu Elihuruma, ambaye hakumwacha hata pale ilipokuwa aibu kutembea naye.

Yiamat, mwana wa Kisioki, baba Ezra, pumzika sasa, na amani ya Bwana ikae nawe.