Asta Krarup, Mshika Breki wa Egelund

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Asta Krarup, aliyefariki dunia Jumapili. Asta Krarup, mshika breki wa treni ya mbao katika bustani ya michezo ya Egelund.

Wengi wenu mliipanda treni ile. Ilikwea kilima cha mbao taratibu, kisha ikaporomoka, na matumbo yenu yakabaki juu. Asta alikaa kati ya mabehewa, breki mkononi. Kijana akijigamba sana, Asta alichelewa kidogo kuvuta. "Mbona kimya, shujaa?" alimuuliza walipofika chini.

Kisha akaja mkurugenzi, Flemming Ravn. Bwana huyu alijua kuvaa suti. Zaidi ya hapo tumetafuta, hatujaona. Treni yake mwenyewe hakuipanda hata siku moja. Akatangaza kwamba ni kuukuu, na kwamba jioni ya Sankt Hans, sikukuu ya kuwasha mioto ya kiangazi, ataichoma moto, watu watazame. Eti burudani!

Jioni hiyo umati ulijaa. Asta naye alikuwa ameipandisha treni hadi kileleni, akafunga breki, akawa anakula mkate mweusi kwa maini ya kusaga.

"Shuka, mama!" Ravn alifoka kwenye kipaza sauti. "Unaniaibisha!"

"Kazi hiyo unaiweza mwenyewe!" Asta alijibu. "Panda unishushe, kama una magoti!"

Umati ukaangua kicheko. Ravn aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kilima. Akapanda ngazi ya mafundi, akafika juu akihema, akaketi kwenye behewa apate pumzi. Asta akaachia breki.

Binti yake, Lisbet, alikuwa chini. Anasimulia: "Mama alikuwa anaimba. Yule bwana alikuwa anamwita mama yake. Treni iliposimama alimng'ang'ania mama yangu, hataki kumwachia. Mama akamwambia, 'Niachie, mwanangu. Tumefika.'"

Moto haukuwashwa. Lakini treni haikusalimika, wasikilizaji wapendwa. Haikusalimika. Ravn alingoja majira ya baridi, Asta amelazwa hospitali kwa nyonga iliyovunjika, bustani imefungwa, hakuna wa kumcheka. Ndipo akaleta mashine za kubomolea. Mahali pale sasa ni maegesho ya magari, na magari yenyewe hayaji.

Asta alipopata nafuu, Lisbet alimpeleka akaone. Alisimama kwenye lami kwa mkongojo, akatazama kila upande. "Jitu zima," alisema, "limemwogopa bibi kizee." Hakurudi tena Egelund.

Kwenye mazishi Ravn alileta shada kubwa kuliko yote, lenye utepe wa maneno matamu. Lisbet alilitoa kanisani kabla ya wimbo wa kwanza.

Lisbet, pamoja na familia nzima ya Krarup, poleni sana. Mmempoteza mama asiyetetereka.

Nanyi mliokwenda na viti vya kukunja kutazama treni ikiungua, kisha mkampigia Asta makofi: mashine zile zilipita barabara kuu mchana kweupe, mbele ya madirisha yenu. Mapazia nani aliyafunga? Tafakarini.