Bi Masuda na Kabati la Vichekesho vya Waingereza

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, saa sita mchana, Bi Masuda Msellem atazima kompyuta yake, atakunja shali lake na kuondoka ofisini kwetu Silicon Oasis, hapa Dubai, akiwa mstaafu, baada ya miaka thelathini ya kuwachagulia wageni wa hoteli vipindi vya kuwachekesha. Mimi niliyeagizwa kuandika haya ni Proscovia wa meza ya tafsiri. Najua kwenye kuaga mtu hutakiwa kuhuzunika kidogo, lakini tangu Machi nimeshindwa kabisa, na mkisikiliza mtaona sababu.

Kwa wageni wetu wa leo wasiotujua, kampuni hii huandaa vipindi vinavyoonekana kwenye televisheni za vyumba vya hoteli. Bi Masuda aliikuta ikiwa vyumba viwili huko Deira, wakati vipindi vikija kwa kaseti ndani ya maboksi kutoka London. Familia yake ilihamia Dubai kutoka Unguja yeye akiwa mdogo. Kiswahili chake bado ni kile cha nyumbani kwao, Kiarabu chake ni cha hapa hapa, na Kiingereza chake, anasema mwenyewe, alifundishwa na vichekesho vya zamani vya Waingereza alivyotazama na marehemu baba yake. Ndiyo maana alikabidhiwa kabati la vichekesho hivyo, akalilinda kama watu wengine wanavyolinda sahani za harusi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kipindi kipya kikifika, aliita dereva, mhasibu, mpika chai, yeyote aliyekuwa karibu, akawakalisha mbele ya televisheni. Yeye alivuta kiti na kuketi akiipa televisheni mgongo, akiwatazama watu. Anayecheka kwa adabu alimjua, na anayecheka kwa kweli alimjua pia, kwa sababu huyo husahau chai yake mpaka ikapoa. Hakuna kipindi kilichoingia hotelini bila kupita mtihani huo.

Visa vyake ni vingi, nitachukua kimoja. Hoteli fulani iliwahi kupiga simu kulalamika kwamba kila saa nne asubuhi wahudumu wa vyumba walikuwa wanachelewa, wamesimama na mashuka mkononi wakitazama kichekesho cha ofisi ya vitu vilivyopotea kwenye stesheni ya treni. Meneja aliomba kipindi kiondolewe. Bi Masuda alikihamishia saa ya chakula cha wahudumu, kisha akarudi mezani akinung'unika kwamba haelewi watu wanaona nini kwenye kipindi baridi namna ile. Na kuhusu vita vyake na kiyoyozi cha ghorofa ya pili sisemi kitu, maana upande wa pili wa vita hivyo upo hapa ukumbini.

Januari mwaka huu tulipata mkuu mpya wa idara, Thamer. Ni mtu mwenye haraka na mwenye adabu, vitu ambavyo si rahisi kuviweka pamoja. Alitazama orodha yetu akasema vichekesho vya miaka ya sabini na themanini vimeshapitwa na wakati, hakuna mgeni wa leo anayevihitaji, na kabati zima lifutwe kabla ya Julai. Bi Masuda aliomba jambo moja tu. Virudiwe kutazamwa, kimoja kimoja, na kinachochekesha kibaki. Thamer akakubali. Kama kabati lingefutwa, mama huyu angestaafu siku ambayo kazi yake yote inatupwa, na hilo tulilijua sote.

Basi kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tukajazana kwenye chumba cha mikutano. Alianza na kile alichokipenda kuliko vyote, kuhusu daktari wa meno anayeogopa damu, kile ambacho baba yake alikicheka mpaka akashika ubavu. Kwa shauku, Bi Masuda akasahau utaratibu wake. Alikaa nasi, uso kwenye skrini, akicheka. Na sisi tukacheka. Akicheka mama mtu mzima, aliyekulea kazini, anayekuletea visheti kila Idi, wewe utakaa umenuna? Tulicheka wiki tatu. Akaenda kumwambia Thamer kwamba kipindi kile bado ni moto.

Wiki ya nne simu yake iliita, akatoka. Aliporudi alisimama mlangoni, na kwa bahati mbaya hakuna aliyemwona. Daktari wa meno alikuwa amezimia juu ya mgonjwa, watazamaji wa studioni wakivunjika mbavu, na sisi wote tulikuwa kimya, vichwa ndani ya simu zetu. Alipovuta kiti, tukaanza tena kucheka.

"Kumbe mnanchekea mimi," alisema. "Si hiyo tivii."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa akilikunja na kulikunjua shali lake, halafu akasema anataka watu wasiomjua. Lukman, mlinzi wa jengo letu, Mganda mwenzangu anayeishi kwenye majengo ya wafanyakazi kule Muhaisnah, akajitolea kuomba ukumbi wa kulia chakula.

Jumapili moja ya Machi, baada ya alasiri, tulipeleka projekta Muhaisnah. Ukumbi ulijaa Waganda, Wanepali na Wapakistani, wengine wakiwa na nguo mbichi mikononi kwa sababu walikuwa njiani kwenda kuzianika. Thamer alikuja pia, akasimama nyuma, mikono kifuani. Bi Masuda akaweka kiti mbele kabisa, akaipa skrini mgongo, akawatazama watu.

Daktari wa meno alianza vizuri. Alipoona damu akayumba, watu wakacheka, na moyo wangu ukapaa. Kisha akaingia mfanya usafi wa kliniki, mgeni asiyejua Kiingereza. Katika kipindi kile kazi yake ni kukosea kila kitu na kukaripiwa. Vicheko vya studioni vikamwagika kwenye spika. Ukumbini hakucheka mtu. Mstari wa mbele alikaa bwana mmoja ambaye bado alikuwa ndani ya ovaroli ya kampuni ya usafi, naye aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Bi Masuda aliyeona yote hayo hakuhitaji kugeuka kujua kilichokuwa kikiendelea kwenye skrini, maana anakijua kwa moyo. Aliinuka akakizima mwenyewe.

Thamer alitazama saa. Nami nikajua kabati limekwenda.

Bi Masuda akaniomba niweke kile cha ofisi ya vitu vilivyopotea, kile baridi. Mkuu wa ofisi hiyo hamrudishii mtu mwavuli wake mpaka alete ushahidi, na ushahidi ukiletwa anataka ushahidi wa ushahidi. Dakika chache tu, ukumbi ulianza kuchemka. Mkuu alipojifungia kwa makosa ndani ya chumba cha mizigo, na karani wake akakataa kumtoa mpaka athibitishe yeye ni nani, watu walisimama. Walitafsiriana kwa Kiurdu, Kinepali na Kiganda, nguo mbichi zikaanguka sakafuni.

"Huyu ni msimamizi wetu, wallahi," Lukman alikuwa akiwaambia wenzake. "Ni yeye kabisa, hata hiyo tumbo."

Bwana wa ovaroli alicheka mpaka akamshika jirani yake bega. Nilipogeuka nikamwona Thamer ameketi sakafuni, anapangusa macho. Na Bi Masuda, ambaye sijawahi kumwona akifanya hivyo katikati ya mtihani wake, akakigeuza kiti chake atazame wanachokiona wao. Alicheka kwa sauti. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata kazi hii.

Jumatatu yake Thamer alikuja mezani kwake kutangaza kwamba kabati linabaki. Akaongeza kwamba hata yule daktari wa meno abaki, ikiwa heshima ya idara kwa mama anayestaafu. "Khalas, Bi Masuda, iwe zawadi yetu kwako," alisema.

Alikataa. Alisema, "Baba yangu alikuwa mtu mwema na alimcheka yule mfanya usafi. Na mimi nilimcheka, miaka yote. Lakini yule bwana alitazama viatu vyake, mwanangu, nami nilikuwa nimekaa mbele yake." Akakitoa yeye mwenyewe siku ile ile, nami nilikuwepo. Halafu akatumia miezi iliyobaki kurudia kabati zima kwa mtihani wake wa zamani. Wanaoniuliza kama vichekesho vile bado vinachekesha, jibu ninalo sasa. Vinavyomcheka aliyeshika funguo bado vinaua watu kwa kicheko. Vinavyomcheka aliyeshika ufagio vimetolewa, na hakuna hoteli iliyoviulizia.

Bi Masuda, tunakushukuru kwa miaka yote hiyo, kwa visheti, na kwa kutufundisha kutazama nyuso za watu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi kule kwako Al Nahda, na chumba ambacho kiyoyozi chake unakiamuru wewe. Idara ilitaka kukununulia saa ya ukutani ukakataa, ukaomba kitu kingine, na Thamer ametia sahihi. Projekta imo ndani ya boksi pale mlangoni, na Lukman atakubebea mpaka garini. Ukumbi wa Muhaisnah umeshatandika mikeka, na wanauliza Jumapili hii utawaletea nini.