Yai Moja la Pasaka

Haya mjukuu, tegua hiki: nimevaa nyekundu, na asubuhi ya Pasaka nangoja mwenzangu anigonge. Ni yai: kwa Warusi, siku hiyo watu wawili hugonganisha mayai yao mekundu kwa furaha. Kwenye treni, akitoka kanisani, Arseni Lvovich, mwalimu mstaafu wa falsafa, alishika moja tu, akimsomesha mama asiyemjua aliyeketi mbele yake.

"Mwanafalsafa wetu mmoja anasema binadamu husimama huru, peke yake, mbele ya Mungu. Mwingine anasema hatuokoki mmoja mmoja, na Urusi imetumwa kuyaunganisha mataifa yote. Mimi niko na huyo wa pili."

"Mataifa yote, baba wee! Na hilo yai, utaligonganisha na la nani?"

Mwalimu akarudi kwenye mataifa yake, akayazungumzia kwa mwendo wa vituo viwili vizima. Treni ikasimama. Akainuka taratibu.

"La mwaka jana nililigonga na meza, mama."