Tembe la Mama na Kadi Ambayo Haijatengenezwa

Bwana asifiwe! Asifiwe na huku mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni.

Ndugu zangu, wengine hufunguliwa kutoka kwenye pombe, wengine kwenye uganga. Mimi nimefunguliwa kutoka kwenye kungoja. Msicheke, maana kungoja kulinishika kuliko pombe.

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta. Nina chumba pale Majengo, jirani na wauza mtama. Mteja anakuja na kiwanja kitupu, namwonyesha nyumba yake kwenye kioo, tunaingia sebuleni, tunatokea uani, na hata tofali moja halijafyatuliwa. Kinachochora picha zile ni kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, tunakiita kadi ya picha. Kila baada ya muda hutoka kizazi kipya, chenye nguvu kuliko kile cha jana.

Mama yangu, kule kijijini Mlali, aliposikia habari za kazi hiyo aliniomba kitu kimoja: nimchoree tembe letu, aingie tena. Tembe lile la udongo alilijenga marehemu baba, na sisi watoto tukalibomoa kwa mikono yetu tulipopata bati. Hatukulipiga picha hata moja. Mama hakulalamika, ila alilikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu.

Nikamwambia angoje. Kadi yangu haikuweza kuchora mwanga vizuri, nami nilitaka masizi yaonekane kwenye boriti, vumbi lielee juani. Tetesi zilisema kizazi kijacho kitaweza. Kilipotoka, zikasema kinachofuata ndicho hasa, kitaangaza kama jua lenyewe. Basi sisi wachoraji tukashinda kwenye simu tukibishana juu ya kadi ambayo haijatengenezwa, itakuwa na kasi gani, itakula umeme kiasi gani. Vizazi vyake nilivijua kuliko vizazi vya ukoo wetu. Mama akiniuliza, namjibu mvumilivu hula mbivu. Naye ananijibu kwa upole kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, halafu ananiuliza kama nimekula.

Siku moja dada yangu Neema akanipigia. Alisema mama amemimina chai pembeni ya kikombe. Ilikuwa presha ya macho, ndugu zangu, ilikuwa ikimla taratibu naye amenyamaza. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi. Nililia ndani ya kile chumba, na kwenye kioo mbele yangu kulikuwa na habari za kadi ijayo. Nikasema, Bwana, nimemnyima mama yangu kwa kungoja. Sikusikia sauti yoyote. Nilijikuta tu nazifunga zile habari, naanza kuchora kwa kadi yangu ile ile ya zamani.

Nikaipakia kompyuta, nikaenda nayo Mlali. Nilimkalisha mama karibu nami na, kwa kuwa hakuweza tena kukiona kioo, nikamweleza nilichochora: ukuta, boriti, jiwe la kusagia. Nikamwambia jua la asubuhi linaingia mlangoni.

“Umekosea,” akasema. “Upepo wa kwetu hutoka mashariki. Baba yako mlango aliuweka upande wa machweo.”

Ndugu zangu, hakuna kadi, iliyopo wala ijayo, ambayo ingelijua hilo! Nikauhamisha mlango. Kadi ikahema, ikachora polepole, na jua la jioni likaingia ndani.

“Mwanga umefika wapi?” mama akauliza.

“Kwenye jiwe la kusagia, mama.”

Akanyoosha miguu, kama mtu aliyefika kwake.

“Basi nimeingia,” akasema.

Bado natamani angeliona. Hamu hiyo sijaombewa iondoke, wala sitaki iondoke. Na tetesi? Juzi nimesoma moja, niombeeni. Lakini namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye nyumba za kesho akanirudisha kwetu, mama angali hai na anaweza kunisahihisha.

Na wewe uliyeketi hapa, kama kuna mtu anakungoja, nawe unangoja kitu bora zaidi cha kumpelekea, mtumaini Mungu kwa hicho kidogo ulicho nacho. Nenda leo, akiwa bado anaweza kukuambia mlango ulikuwa upande gani.