Foleni ya Msitu wa Pugu

Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, tumeshaambiwa tufunge mikanda, na tulikuwa tumeifunga mpaka matundu yakaisha. Masika yalikuwa yanaaga. Kariakoo ilibaki na tope la kufika vifundoni na maduka yenye rafu tupu. Kwenye kona moja nyuma ya soko kulikuwa na benchi la mbao za kreti, na hapo Mzee Sadalla aliuza kahawa chungu, maana kashata zilikwisha kuwa hadithi tangu sukari ilipoadimika. Wateja wake walikuwa walewale. Shomari, fundi cherehani asiye na kitambaa cha kushona, aliitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia. Aristides, aliyewahi kuwa karani wa shirika la umma, aliitwa Mkurugenzi. Na Filbert, mvuta mkokoteni kutoka Mbinga, aliitwa Winchi kwa ajili ya mabega yake. Jumamosi ile nafasi ya Winchi ilikuwa wazi tangu alfajiri, na wote walijua aliko: alikuwa anamkimbiza Ekspresi.

Ekspresi jina lake hasa ni Tarsis, kijana wa Kichaga anayekaa Mchafukoge. Kila Jumamosi kabla hakujapambazuka alipita mbele ya benchi akiwa na kaptula na raba, anakimbia peke yake kuelekea barabara ya Pugu. Akirudi, matope yamemfika magotini. Sasa, mjini siku hizo mtu alikimbia kwa mambo mawili tu: ama kaiba, ama kasikia kuna kitu kinatolewa dukani. Ekspresi hakuwahi kupigiwa kelele za mwizi. Benchi likapiga hesabu, likapata jibu moja.

Filbert ndiye aliyekuwa na haja ya kulihakikisha. Mkewe Klara alikuwa amejifungua juzi, mtoto wa kwanza, na maziwa yalikataa kutoka. Akina mama wa pale Magomeni walisema dawa ni uji mwembamba wa pilipili manga wenye sukari. Pilipili manga ilipatikana. Sukari hata ya kufunika kitako cha kijiko haikuwepo, na Filbert alimwahidi Klara kwamba leo hatarudi mikono mitupu.

Basi saa nne hivi wakamwona anakuja, mweusi kwa vumbi la mkaa juu, mwekundu kwa tope chini.

— Msogezeeni nafasi, alisema Shomari. Winchi, leta habari!

Filbert alikaa kwanza. Miguu ilimtetemeka mpaka benchi likatetemeka nayo. Halafu akakigeuza kikapu chake chini juu, wasije wakamuuliza mara mbili. Hakikudondosha hata jani.

— Kitupu? aliuliza Shomari.

— Kitupu.

— Basi umefika kabla hawajafungua, alisema Aristides, akikunja mguu juu ya mguu. Ugawaji una ngazi zake. Toa taarifa kuanzia mwanzo.

— Mwacheni anywe, alisema Mzee Sadalla, akimpa kikombe. Mtu katoka Pugu mnamhoji kama kaiba kuku. Mzazi anaendeleaje, mwanangu?

— Mzima, mzee. Mtoto ndiye analia. Usiku kucha analia.

Mzee Sadalla akatikisa kichwa, akamwongezea kahawa bila kuambiwa.

— Haya, Filbert alianza. Kapita hapa, nikamfuata. Jamaa hakimbii mbio za kukimbizwa, hapana. Anakwenda mwendo mmoja tu, kama mtu aliyepewa mkataba na barabara. Nikasema huyu simkosi, mimi navuta saruji kutwa. Kufika Ilala kuna mama kaniona na kikapu, kaunga msafara. Kufika Buguruni nageuka nyuma, lahaula! Watu kibao, na vikapu, na madebe. Mmoja kabeba mpaka chupa ya mafuta ya taa.

— Hawakuuliza mnakwenda wapi?

— Nani aulize? Ukiuliza unachelewa.

— Kweli, alisema Shomari. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mwenye haraka hamwambii mwenzake.

— Ukonga pumzi zikanitoka. Nikadandia karia ya baiskeli mpaka Pugu, yeye bado anakwenda vilevile, hata kukohoa hakohoi. Sasa sikilizeni. Tunafika pale njia ya msituni inapoanzia, tunakuta watu wametutangulia. Wamepanda basi! Wameshapanga mawe.

Benchi lote lilikubali kwa kichwa. Kupanga jiwe ni haki ya raia: ukiweka jiwe lako kwenye mstari, hata ukienda kunywa maji, jiwe limesimama badala yako, na atakayelisogeza mtagombana naye mpaka kwa balozi wa nyumba kumi.

— Mstari unaelekea wapi? aliuliza Aristides.

— Kwenye miti.

— Miti gani?

— Miti, Mkurugenzi! Hakuna duka, hakuna dirisha, hakuna mzani. Mstari umeanzia kwenye mfenesi. Na tayari wawili wanagombana, huyu anasema mwenzake kachomekea. Ekspresi kawaangalia, kawapita pembeni, kaingia zake msituni. Watu wakasema huyo kaenda kuleta funguo.

— Na wewe?

— Nikaweka jiwe, nikamfuata ndani.

Hapo Filbert alikunywa funda la kahawa. Alichokiona ndani hakujua akisemeje mbele ya watu hawa. Kile kinjia kilipanda na kushuka kati ya miti mikubwa iliyokuwa bado inadondosha maji ya usiku. Kila bonde lilikuwa na kijito kinachopiga kelele, na kima walikuwa wanarukiana juu ya kichwa chake. Harufu ya udongo ilikuwa ile ya kwao Mbinga wakati wa kupalilia kahawa. Kwa muda fulani, hajui ni mrefu kiasi gani, alisahau sukari. Akasahau hata mtoto analia. Alikuwa amefurahi tu, na sasa alipokumbuka aliona aibu ikimchoma usoni.

— Ndani kuna nini? Shomari hakuwa na subira.

— Njia.

— Njia inakwenda wapi?

— Inazunguka, inapanda kilima, inarudi.

— Njia isiyokwenda mahali! Aristides alicheka. Ndugu yangu, hakuna njia inayotengenezwa bila kusudi. Huo ni mpango. Bohari iko chini ya ardhi, na huyo kijana ni mkaguzi wa siri. Anakaguliwa matope tu anaporudi, wanajua kafika.

— Mimi nimezaliwa Kisarawe, Shomari alimkata. Msinifundishe Pugu. Kule kuna mapango, na ndani ya mapango kuna kitu cheupe.

— Udongo wa vyungu ule, alisema Mzee Sadalla.

— Umeuonja, mzee?

— Sijauonja.

— Basi usiseme. Mjerumani alipokimbia aliacha sukari mle ndani, imegandamana kwa miaka, watu wanaona jiwe. Ekspresi ana ulimi wa kuitambua. Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya sukari ni kaptula.

— Kaptula inahusu nini?

— Mtu mwenye suruali ataingiaje pangoni?

Filbert aliweka kikombe chini.

— Kuna jambo moja, alisema. Kule juu kilimani, mahali unapouona mji wote umelala kule mbali, alisimama. Akakaa juu ya jiwe. Mimi nimejificha nyuma ya mti. Akatoa kikaratasi kwenye soksi, akakifungua, akatia kidole, akalamba. Kitu cheupe.

Benchi lote lilimwinamia. Hata Mzee Sadalla alisahau kuinua dele, kahawa ikafurika kikombe na kumwagika chini.

— Cheupe, alinong'ona Shomari.

— Cheupe.

— Nilisema! Nilisema mimi! Pango!

— Sampuli, alisema Aristides. Alikuwa anachukua sampuli ya mzigo.

— Kwa nini hukumrukia, Winchi? Una mabega ya nini?

— Nitamrukiaje mtu anayelamba kitu chake? Alikuwa anaangalia mji na anatabasamu peke yake. Nikaona haya. Nikashuka kwa upande mwingine mpaka barabarani, nikapata lori la mkaa.

— Na foleni? aliuliza Mzee Sadalla.

— Niliiacha. Jiwe langu bado liko palepale.

— Umefanya la maana, alisema Shomari. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini mwenye jiwe yupo.

Aristides alimtazama Filbert kwa jicho la kipimo, kuanzia matope mpaka kikapu.

— Mimi naomba ufafanuzi, alisema taratibu. Mtu ameiona sukari kwa macho yake, mkewe ana shida, halafu amerudi na kikapu kitupu? Winchi, umeificha wapi?

Filbert aligeuka. Alidhani ni utani, akatafuta kicheko usoni mwa Shomari, hakukiona. Shomari naye alikuwa anakitazama kikapu.

— Mnanisachi? Filbert alisema. Nimeacha mtoto analia toka usiku, mnaniambia mimi mlanguzi?

Kabla hajajibiwa, mtu akasimama mbele ya benchi. Alikuwa na kaptula na raba, na matope magotini.

— Shikamooni wazee, alisema Tarsis.

— Marahaba, alijibu Mzee Sadalla peke yake.

— Samahani. Yule aliyenifuata kutoka hapa, akawa nyuma ya mti, ni nani?

Filbert aliinua mkono kama mwanafunzi.

— Mbona ulijificha, kaka? Ungesema tu tupumzike wote. Halafu wale watu chini wamenizuia kutoka, wanataka niwaonyeshe dirisha. Nimeshindwa kurudi kwa mbio, nimepanda basi. Mashindano ya masafa marefu yako karibu, na zoezi langu la wiki ndiyo limekufa hivyo.

— Kijana, alisema Aristides, sema ukweli mbele ya wananchi. Kule Pugu unafuata nini?

— Kukimbia.

— Kukimbia unafuata nini?

— Nafuata kukimbia. Barabara ya lami inaua magoti, msituni udongo ni laini, na baada ya masika kuna ubaridi. Pazuri kule. Huyu kaka kapaona.

Wote walimgeukia Filbert. Filbert alikiri kwa kichwa kwamba ni pazuri, na alihisi kama aliyekiri kosa.

— Na ile nyeupe? Shomari alifoka. Ile ya kwenye soksi, unaichimba pango gani?

Tarsis alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

— Sukari ya nyumbani kwangu. Kwenye fungu la wiki ninalopewa kazini, mke wangu ananitengea changu kijiko kimoja. Chai nakunywa kavu, nakitunza mpaka Jumamosi. Nusu nalamba kilimani, nusu njiani nikirudi miguu inapokataa.

Benchi halikupenda. Wiki ngapi wameishi kwa tumaini kwamba sukari inatoka Pugu kuja mjini, kumbe imekuwa ikitoka mjini kwenda Pugu! Aristides alisema jibu hilo halijakamilika. Shomari alisema mvumilivu hula mbivu, na huyu ni mvumilivu mno, kwa hiyo anatiliwa shaka. Wakaanza kubishana upya kama mwenye akili timamu anaweza kubeba sukari maili zote hizo bila kuila.

Filbert hakuwasikia. Alikuwa amesimama.

— Leo umerudi kwa basi, alisema.

— Kwa basi.

— Nusu ya kurudia hukuila.

Tarsis alimtazama huyu mtu mkubwa mwenye macho mekundu, asimwelewe.

— Mke wangu kajifungua juzi, alisema Filbert. Maziwa hayatoki. Nilikufuata kwa hilo, si kwa ubaya. Nakuomba, ndugu yangu.

Hakuna aliyetoa methali. Tarsis aliinama, akaishusha soksi, akatoa kikaratasi kilicholoa jasho kwa nje. Akakifungua kidogo, akaangalia, akakifunga tena vizuri kuliko kilivyokuwa.

— Mpe mama mtoto, alisema. Ni kidogo. Jumamosi ijayo pita nyumbani kabla sijatoka, nitakimbia bila.

— Mungu akuzidishie.

Filbert alikifumba kiganjani. Kahawa hakumaliza, kikapu alikiacha palepale benchini, akashika njia ya Magomeni. Alitaka kutembea. Lakini alimkumbuka Klara, amekaa kitandani na sufuria ya uji imeshapoa, na miguu ikaanza yenyewe, ule mwendo mmoja wa asubuhi, si wa haraka wala wa pole. Nyuma yake alimsikia Mzee Sadalla akiwauliza wenzake nani sasa ataenda Pugu kuwaambia wale watu watawanyike, na Shomari akijibu kwamba kama hawajarudi mpaka saa hizi, basi huenda kuna kitu.

Alipofika Mtaa wa Msimbazi, mama mmoja alitoka kibarazani na kikapu mkononi, akaanza kukimbia sambamba naye huku akifunga khanga vizuri kiunoni. Nyuma ya mama alikuja mwingine.

— Kaka, alimwuliza akihema, wanatoa nini leo?

Filbert alifungua mdomo aseme hakuna kitu. Safari hii ungekuwa uongo. Akakibana kiganja, akaongeza mwendo.