Nesi Paskalina na Majibu ya Zakia

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo, mlio mjini na mlio huko juu mlimani. Tunamkumbuka nesi Paskalina Ndesanjo. Nesi Paskalina, wa mtaa wa Levolosi. Amefariki Jumatatu, akiwa na miaka sitini na mmoja. Jana tumemzika kwao Machame.

Turudi mwaka 1993. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na Paskalina aliajiriwa katika mojawapo. Asubuhi moja mwalimu mkuu wa sekondari moja alileta wasichana kumi na wawili. Alitaka wapimwe mimba. Wote. Hakuna mzazi aliyejulishwa.

Wakapimwa. Kumi na mmoja hawakuwa na kitu. Wa kumi na mbili alikuwa Zakia, kidato cha pili, miaka kumi na sita.

Zakia mwenyewe ameniambia: "Nesi alifunga mlango. Akaniambia, 'Mwanangu, una mimba.' Nikamwambia nyumbani sirudi, baba ataniua."

Nje, mwalimu mkuu anagonga. Anataka karatasi ya majina na majibu. Anagonga tena.

"Majibu ni ya mgonjwa, mwalimu," Paskalina alijibu bila kufungua.

"Nesi, hawa ni wanafunzi wangu."

"Humu ndani ni wagonjwa wangu. Karatasi sikupi."

Akaitwa mwenye zahanati. Akampa dakika kumi: atoe karatasi au avue sare. Paskalina alivua sare. Karatasi akaitia kwenye pochi, akamshika Zakia mkono, wakatokea mlango wa nyuma. Wakatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Kwa Mrombo, nyumbani kwa kina Zakia.

Baba yake, mzee Athumani, alikuwa muuza mitumba. Walimkuta uani akifungua robota la nguo. Aliposikia habari, akainuka. Kisu cha kukatia kamba kiko mkononi.

"Nesi alisimama katikati yetu," anasema Zakia. "Akasema taratibu, 'Baba Zakia, weka kisu chini kwanza. Halafu nitukane mimi mpaka uchoke.' Baba akamtazama. Akamtazama sana. Kisha akakiweka."

Hakumpiga. Lakini kwa miaka miwili hakumsemesha binti yake.

Wasikilizaji wapendwa, shule ilimfukuza Zakia hata hivyo, tumbo lilipoonekana. Mwanamume aliyempa mimba, mtu mzima mwenye familia, alihama mji. Nesi Paskalina alikaa miezi saba bila kazi. Na kila Alhamisi alikwenda Kwa Mrombo na madaftari ya mwanawe, Hope, aliyekuwa sekondari, ili Zakia asome.

Hope anasema: "Nilimwonea wivu. Alhamisi mama alikuwa wake."

Mwaka 1997 Zakia alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akafaulu. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kisongo.

Jana makaburini mzee Athumani aliomba kusema. Alisema sentensi moja: "Mama huyu alinizuia nisifanye jambo ambalo nisingeweza kulifuta." Akakaa.

Kwa mzee Mika, mume wa marehemu, kwa Hope na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wazazi mnaonisikiliza, yupo mtoto hapo nyumbani. Akipatwa na jambo zito leo, atamwambia nani? Msinijibu mimi. Zimeni redio, mkamuulize yeye.